Sahihi ya Vidole Vitatu

Kabla hujaniita mwongo, nipe mkono wako. Shika vidole vyangu hivi viwili vya mkono wa kulia, cha pete na kile kidogo. Finya. Finya kwa nguvu, usinionee haya. Mimi sisikii kitu. Naepua navyo sufuria ya moto bila kitambaa, na wajukuu zangu hudhani ni mchezo. Si mchezo. Vidole hivi vilikufa ganzi mchana mmoja huko Tezo, miaka ya themanini, na nitakueleza vilivyokufa, nisipunguze wala nisizidishe. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, shauri yako, lakini usije ukasema hukuambiwa.

Miaka hiyo nilikuwa karani wa mkandarasi mmoja wa Malindi, mchimbaji wa visima. Hoteli zilikuwa zinaota ufuoni kama uyoga, shule nazo zinajengwa, na kila mtu alitaka maji. Na pwani yetu unaijua. Ukichimba kidogo tu unakuta mwamba wa matumbawe, na mwamba ule hausikii sururu, husikia baruti peke yake.

Nami nilikuwa karani hodari. Sijisifu, nilisifiwa. Aliyenitangulia kwenye kiti kile alitoka bara, mtu mwema kabisa, lakini majina yetu yalimshinda. Akiona jina moja, karatasi zote jalada moja. Nilipoingia nilimkuta Athman Ali mmoja ambaye kwa mujibu wa jalada lake alikuwa seremala, dereva na mpishi, ana wake sita, na amefariki mara mbili. Nilikaa wiki nzima na jalada lile. Nilipomaliza walikuwa Athman Ali watano, kila mtu na jalada lake na wake zake, na aliyefariki nikamwacha afariki mara moja, yatosha. Mwenye kampuni, Bwana Mbarak, alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo mtu akija kuomba kazi, Bwana Mbarak husema mpelekeni kwa Bibi Karani amchambue. Nami humchambua kama mchele, chuya huku, mchele huku.

Hapa nikueleze jambo, maana bila hili hutaelewa kitu. Mama yangu mzazi ni Mgiriama, kwa hiyo nasema ya nyumbani kwetu. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kalama akimzaa Thoya, Thoya naye akipata mwana atamwita Kalama. Baba wa yule Kalama wa kwanza naye alikuwa Thoya. Kwa hiyo babu ni Kalama Thoya, na mjukuu ni Kalama Thoya. Nyumbani hakuna anayewachanganya, maana mmoja ana mvi na mwingine anachunga mbuzi. Lakini kwenye karatasi ni mtu mmoja. Hapo ndipo makarani wengi huanguka. Mimi sikuwa nikianguka.

Ijumaa moja akaja kijana, Kalama Thoya, kuomba kazi ya fundi wa baruti. Fundi wetu alikuwa ametuacha kwa kazi ya Mombasa, na kisima cha shule moja karibu na Muyeye kilikuwa kimefika mwambani kikasimama. Kijana alikuwa mpole, mrefu, shati limepigwa pasi. Akatoa kasha la bati, na ndani yake karatasi zilizofungwa kwa uzi: kibali cha baruti chenye muhuri, barua ya machimbo ya mawe, barua ya watu wa barabara, barua ya kisima cha Rabai. Visima ishirini na vinane, na kila barua inasema kazi safi, hakuna aliyeumia. Bwana Mbarak alisoma huku anatabasamu. Mimi nikasoma tarehe. Barua ya kwanza iliandikwa kabla mimi sijazaliwa, na huyu kijana ndevu ndiyo kwanza zinaota.

Nikamwambia Bwana Mbarak tungoje, karatasi hizi huenda ni za Kalama Thoya mwingine. Akanijibu kwamba jina la kwenye barua ni Kalama Thoya, na la kwenye kitambulisho ni Kalama Thoya, sasa mimi nataka nini tena, nataka na malaika washuke watoe ushahidi? Mwalimu mkuu alikuwa akimpigia simu kila siku. Jumatatu asubuhi baruti ilipuliwe. Basi.

Kwa mtu mwingine ningenyamaza. Karani ni karani. Lakini wanaume wanne ndio wangekuwa shimoni Jumatatu, wa kutoboa matundu na kupakia baruti, na mmoja wao alikuwa Omari, mdogo wangu wa tumbo moja. Mama alipofariki alinishika mkono akaniambia nimwangalie Omari. Ningemwangalia vipi kama nitamshusha shimoni na mtu nisiyemjua? Nikamwomba Bwana Mbarak Jumamosi moja tu. Akasema Jumamosi ni yako, nauli pia ni yako.

Nikapanda basi la asubuhi, na jalada jipya la rangi ya kaki kwapani. Jina la Kalama Thoya nilikuwa nimeliandika juu kwa mwandiko wangu mzuri. Niliteremka Tezo, nikaelekezwa nifuate njia ya ndani, nipite mikorosho, nitaona mji wa kina Thoya, yaani boma lao. Kutembea si mbali, lakini jua lilikuwa la utosi. Mama alikuwa akitukanya tangu utotoni kwamba saa sita mchana ni saa yao, hao wasioonekana, usisimame penye kisima ukazungumza na mtu usiyemjua. Mimi nilikuwa nimesoma, nina kazi, nina jalada. Maneno hayo niliyaacha huko utotoni.

Penye mikorosho njia ilipita kando ya kisima cha zamani, kimezungushiwa ukingo wa saruji na kufunikwa kwa mabati. Karibu yake palikuwa na lundo la vifusi vya matumbawe, vyeupe mpaka vinaumiza macho. Juu ya lundo ameketi mzee. Kavaa shuka na fulana, na kichwani kofia ngumu ya kazi, ya chuma, imepakwa rangi ya manjano. Nikacheka moyoni. Nani huyu anayevaa kofia ya kazi chini ya mkorosho?

Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha nikamuuliza njia ya kwenda kwa kina Thoya. Akaniuliza namtaka nani. Nikasema naulizia habari za Kalama Thoya, fundi wa baruti.

"Unaulizia jina lake au kazi yake?"

Swali lile lilinipendeza, nikwambie kweli. Kwa miaka yote ya ukarani hakuna aliyewahi kuniuliza swali la maana namna ile. Nikamjibu, kazi yake.

"Basi keti, mwanangu. Kazi yake naijua mimi."

Nikaketi juu ya jiwe, nikafungua daftari. Naapa, sijapata kumhoji mtu kama yule. Alianza kisima cha kwanza akaja mpaka cha ishirini na nane, bila kurudi nyuma, bila kubabaika. Huku mwamba ulikuwa na nyufa, baruti ikapigwa kidogo kidogo. Kule Rabai jabali lilikuwa gumu na maji yakakataa, fundi akahama hatua saba akayapata. Kisima kingine alipiga kelele mara tatu kabla ya kuwasha utambi, ulipokwisha kuwaka akaona mtoto amejificha kichakani, akauzima kwa mguu. Nilikuwa nikilinganisha na barua za yule kijana, ambazo nilikuwa nimezinakili, na kila neno lilikaa mahali pake. Alizungumza na mikono yake, na hapo nikaona mkono wa kulia una vidole vitatu. Cha pete na kile kidogo havikuwepo.

"Visima ishirini na vinane," akasema, "na hakuna mama aliyelia."

Alisema kwa maringo, kifua mbele. Nami maringo ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri hayanichukizi, mimi mwenyewe ninayo. Nikamuuliza, sasa huyu Kalama Thoya ana umri gani, maana aliyekuja kwetu ni kijana. Alichukua kipande cha tumbawe akawa anakigeuzageuza.

"Kamuulize swali moja tu. Muulize baruti ikikataa kulia, anafanya nini."

Nikamwambia mimi karani, jibu lenyewe silijui, nitajuaje kama amepata au amekosa? Akacheka. Akasema sikiliza, uandike. Baruti ikikataa, hushuki. Unateleka mihogo. Unangoja ichemke, iive, unaila, halafu unaosha sufuria. Ukishaosha sufuria ndipo unakwenda kutazama, tena unakwenda peke yako, kijana wa mtu humtumi. Utambi huweza kulala ukaamka. Akauinua ule mkono. Alipokuwa kijana, hajawa fundi bado, hakungoja, akasema, akaacha vidole viwili shimoni, na aliyekuwa nyuma yake aliponea chupuchupu.

Hapo ilinipasa nishtuke, sivyo? Alikuwa ameshaniambia yeye ni nani. Lakini kalamu ilikuwa inakimbia, na akili yangu yote iko kwa Omari. Mimi ninayewauliza watu majina mpaka ya babu zao, yule sikumuuliza jina. Hilo ndilo kosa la pekee nililowahi kufanya kazini, na nalikiri mbele yako.

Nilipomaliza nikamwomba atie sahihi kwenye jalada, awe shahidi wa habari hizi. Akasema kalamu hakufundishwa, sahihi yake ni nyingine. Akaupaka mkono unga wa vile vifusi vyeupe, akaubandika juu ya jalada langu, chini ya lile jina. Vidole vitatu na kiganja.

"Mwambie kijana, jina nilimpa," akasema. "Kazi sikumpa. Kazi haipewi mtu."

Akanipa mkono wa kuagana. Nikaupokea kwa adabu. Ulikuwa baridi, baridi ya jiwe lililotolewa chini kabisa ya kisima, na jua lile linawaka juu yetu. Vidole vyangu viwili vikakosa vya kushikana navyo. Nikahisi baridi imeingia hapo, kwenye hivyo viwili tu. Nikasema ahsante, nikashika njia. Nilipogeuka kumpungia, lundo lilikuwa tupu. Nikajiambia wazee wa mashamba ni wepesi, ameshaingia mikoroshoni. Ndivyo nilivyojiambia, na miguu yangu ikaongeza mwendo bila kuniuliza.

Mji wa kina Thoya haukuwa mbali. Mwanamke mzee alikuwa akipepeta mahindi kivulini mwa nyumba, jina lake Kadzo, na wote pale wakimwita hawe, yaani nyanya. Aliponisikia naulizia Kalama Thoya fundi wa baruti, aliuweka ungo chini.

"Fundi wa baruti ni mume wangu," akasema. "Tumemzika, masika haya ni ya nne."

Akanionyesha kigingi kilichochimbiwa pembeni mwa nyumba, kimefungwa kitambaa chekundu. Ni koma, kigingi anachosimikiwa marehemu ili roho yake isitangetange, ipate pa kutulia na kukumbukwa. Nikamuuliza taratibu, marehemu alikuwa mtu wa namna gani? Akasema mrefu, mwenye maringo, na mkono wa kulia una vidole vitatu. Kila kisima alichokimaliza alibandika mkono huo kwenye saruji mbichi ya ukingo, ndiyo iliyokuwa alama yake. Kile cha njiani hapo alikichimbia mji wake mwenyewe.

Nilimpa jalada tu.

Hakupiga ukelele. Akatia kidole chake kwenye alama moja baada ya nyingine, kama anayezihesabu, akaniuliza alikuwa amevaa nini. Nikamwambia shuka na fulana, na kofia ya chuma ya manjano.

"Kofia hiyo tulimzika nayo," akasema. "Alitaka mwenyewe."

Basi niambie wewe, ungefanya nini? Mimi niliketi chini pale pale, na gauni langu la kazini, juu ya makapi ya mahindi. Yule bibi ndiye aliyeniletea maji. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka machozi hunilengalenga. Akasema miaka minne namngoja huyu mtu hata kwenye ndoto, hanijii, kumbe yuko njiani anamngoja karani. Alisema anacheka, lakini macho hayakuwa yanacheka. Akaniuliza, alikuwa mzima? Nikamjibu mzima, na ameketi kwa maringo. Akajipangusa uso kwa leso, akasema basi ni yeye.

Nilipomuuliza habari za karatasi, alinishangaa. Kuna cha kuuliza hapo? Matanga yalipokwisha, vitu vya marehemu viligawiwa mbele ya wazee. Kigoda chake cha kukalia alipewa mjukuu mwenye jina lake. Shoka, vivyo hivyo. Na kasha la bati la karatasi za kazi, vivyo hivyo, maana juu yake pameandikwa Kalama Thoya, na Kalama Thoya aliyebaki duniani ni mmoja. Jina likihama, vitu vyake huhama nalo. Kijana hakuiba wala hakudanganya. Moyoni mwake alikuwa ni fundi wa visima ishirini na vinane, alirithi. Sasa mwizi nilikuwa ninajua kumkamata, karatasi ya kughushi nilikuwa ninajua kuitambua. Lakini mtu mkweli mwenye karatasi za kweli zisizo zake utamkamata vipi?

Jumatatu nilifika kisimani kabla ya mtu yeyote, jalada kifuani. Wakaja wachimbaji, Omari akiwa amejifunga kamba kiunoni tayari, ananitania kwamba Bibi Karani leo amekuja kuchambua mawe. Akaja kijana Kalama na shati lake la pasi. Akaja Bwana Mbarak na mwalimu mkuu. Nikamwambia Bwana Mbarak nina swali moja la kumuuliza fundi, kisha mikono yangu nitainawa. Akaguna, lakini akaniruhusu.

Nikamuuliza, baruti ikikataa kulia, unafanya nini?

Kijana hakusita hata kidogo. "Nashuka kuangalia," akasema, "au namtuma mmoja wa hawa."

Bwana Mbarak alikuwa amekulia kwenye machimbo kabla hajapata kampuni yake. Nilimwona anavua miwani, na safari hii hakuwa anacheka. Akamtazama Omari, akaitazama ile kamba, akanitazama mimi. Kisha akawaambia wote waondoke penye shimo.

Kijana aliumia, na haki yake kuumia. Akasema karatasi hizi ni zangu, nimepewa mbele ya wazee, kwa nini mnanidhalilisha mbele ya watu? Sikubishana naye. Nilimvuta pembeni nikamwonyesha jalada. Ule mkono mweupe ulikuwa palepale. Nilikuwa nimeupangusa usiku kucha kwa kitambaa kibichi, haukutoka hata punje. Aliutambua kabla sijafungua kinywa. Alikuwa ameshauona kwenye ukingo wa kisima cha kwao tangu angali mtoto wa kuchota maji. Akachuchumaa, akafunika uso, na baadaye akaniuliza kwa sauti ndogo babu alisema nini juu yake. Nikampa maneno yake kama nilivyopewa: jina nilimpa, kazi sikumpa, kazi haipewi mtu.

Nilidhani ataondoka asionekane tena. Hakuondoka. Alimwendea Bwana Mbarak akaomba kazi ya kuvuta ndoo za vifusi. Wiki mbili baadaye tukapata fundi mwingine, mtu mzima, na yule kijana akawa haachi kisigino chake. Kabla fundi hajaanza nilimsomea yale ya mihogo kutoka kwenye daftari. Alinicheka kwanza. Kisha akasema aliyekufundisha haya alikuwa bingwa.

Na sikiliza hili, ndilo linalonipa kiburi mpaka leo. Mwezi wa pili wa kazi tundu moja lilikataa kulia. Utambi ukateketea, kimya. Mwalimu mkuu alikuwa akitazama saa yake. Omari akakanyaga ukingo, mguu mmoja umeshaingia kwenye ndoo, akasema ataingia kutazama mara moja. Aliyemshika kiunoni akamrudisha nyuma ni Kalama. Alimwambia teleka mihogo. Wakateleka kweli, na sufuria ikachemka. Walikuwa wanamega mihogo ya moto vidole vikiwaungua pale shimo lilipolia, mawe yakaruka juu kuliko paa la shule. Omari alikuja kwangu jioni ile bado ana vumbi kichwani, akaketi mlangoni. Leo ana wajukuu tisa.

Kalama alikaa chini ya yule fundi miaka mingi. Alipopata kibali chake, nililifunga jalada la babu yake kwa uzi, nikamfungulia la kwake, jipya, tupu, na karatasi ya kwanza ndani yake nikaiandika mimi: mvuta ndoo. Aliisoma akacheka, akasema Bibi Karani huna huruma. Amestaafu sasa, na hakuna mama aliyelia kwa sababu yake. Hawe Kadzo alikwenda kwa mumewe miaka mingi iliyopita. Kabla ya hapo nilikuwa nikimpelekea sukari na majani ya chai, na kila nikipita kile kisima nilikuwa nikisema shikamoo kwa sauti. Sikuwahi kuitikiwa tena.

Lakini vidole hivi havikurudi. Daktari alividunga sindano, nikawa ninatazama dirishani. Nimekaa kwenye kiti kile miaka mingi baada ya hapo, wamepita mbele yangu kina Athman Ali na kina Kazungu Charo wasio na idadi, na nikwambie siri niliyoificha hata kwa Bwana Mbarak. Nikiweka mkono juu ya karatasi ya mtu aliye hai, vidole hivi vimetulia. Nikiuweka juu ya karatasi ya marehemu iliyoletwa na mwingine, baridi huingia. Haijapata kukosea. Watu walikuwa wakisema Bibi Karani ana jicho. Jicho gani? Niliachiwa vidole.

Kwa hiyo wewe uliyeketi kwenye kiti cha kuajiri watu, usisome jina ukaridhika. Mfuate mtu mpaka kwao, ukaulizie kazi yake. Na wewe uliyebeba jina la mkubwa aliyefariki, livae, ni lako, lakini usilitume likafanye kazi usiyoijua. Mwenyewe hayuko mbali kama unavyodhani.

Mimi pia nina mjukuu aliyepewa jina langu. Msichana hodari, yuko chuoni, anataka ukarani. Juzi alikuwa akinifagilia chumba, akakuta barua zangu za sifa kwenye sanduku, akaniambia kwa mzaha kwamba nyanya, hizi ukifa nitazitumia, jina si moja? Nikacheka naye. Halafu nikamshika mkono kwa mkono wangu huu, akasema una baridi. Nikamwambia jina nimekupa, mwanangu, na nimefurahi kukupa. Lakini ukizigusa barua hizi siku moja ukaziita zako, usipite njiani saa sita mchana. Utanikuta nimeketi, na jalada langu limefunguliwa.